Sailensa Moja kwa Bunduki Zetu Mbili

Mpendwa shemeji Yohana,

Nianze na habari njema: mimi ni mtu wa bahati. Siku Mungu anagawa masikio nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nadhani nilizunguka nikapanga tena. Miaka minane nafyatua bunduki Texas hii bila pamba, bila vifuniko, bila chochote, na bado namsikia sisimizi akikohoa uani. Pale ghalani ninapofanya kazi, Mesquite, vijana wanajaza vile vizibo vya rangi ya machungwa masikioni kama watoto waliotoka kliniki. Nawacheka. Shule niliishia darasa la sita kule kambi ya wakimbizi, lakini masikio yangu yana digrii.

Hujacheka. Najua. Tangu asubuhi ile ya ukungu hujanicheka wala hujanipokelea simu. Nimepiga mpaka dada yako Furaha akaniambia niache, nitaichosha simu. Ndiyo maana naandika hapa kwenye kundi la simu la ushirika wetu wa kanisa, ambapo watu wa Dallas na watu wa Houston wote wanasoma. Mbele ya watu hawa ndipo nilipokusema vibaya, kwa hiyo mbele yao ndipo nitakapokujibu.

Unakumbuka tulivyoanza? Mzee mwenye shamba kule mashariki ya Mesquite alikuwa analia nguruwe pori wanamlimia majani ya ng'ombe wake bila kuajiriwa. Akasema njooni mpige, nyama chukueni. Wewe ulikuwa unatoka Missouri City, kule upande wa Houston, baada ya wiki nzima ya kuwageuza wagonjwa vitandani, unaendesha gari kwa saa nne, unafika na chupa ya chai na ile bunduki yako ndefu ya kukoki kila risasi kwa mkono. Unalala chini, unapumua mara tatu, risasi moja, nguruwe mmoja. Mimi na yangu inayojikoki yenyewe, navuta kifyatuo nikisimama, pa, pa, pa. Ulikuwa unaniuliza, "Shemeji, unawinda au unapigilia bati?"

Nami nakujibu, "Wewe unasali juu ya kila risasi kama mchungaji. Nguruwe wanazeeka wakikusubiri."

Tukichinja, paja la nyuma ni lako. Kwa baba yangu ilikuwa hivyo na kwangu ni hivyo: paja la nyuma ni la kaka wa mke. Mara moja nilitaka kukupa la mbele, Furaha akanitazama tu, nikabadilisha mwenyewe.

Halafu ile siku ya duka, kule Irving. Wewe ndiye uliyesema, "Tununue sailensa moja ya kupunguza mlio, itumike kwenye bunduki zote mbili." Nikakwambia mimi si jambazi wa sinema, na nguruwe asiposikia mlio atajuaje kwamba amekufa. Ukamtafsiria muuzaji, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alipoirudisha alianza kufundisha, na wewe ukawa unanitafsiria neno kwa neno kana kwamba ni mahubiri.

Aliweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ndefu, nzito, kama ile chupa yako ya chai. Akasema kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono hii ni mfalme: inaizuia gesi ndani ya vyumba vyake, inaiachia polepole, mlio unakuwa mdogo kabisa. Ila uifunge kwenye bunduki inayojikoki, ile gesi iliyozuiwa inatafuta njia ya kurudi. Inarudi ndani, inaisukuma mashine mbio kuliko ilivyoundwa, na moshi unakuingia machoni. Ya pili fupi, ina njia za kuipeleka gesi mbele. Bunduki inayojikoki inaipenda, lakini ile ya kukoki kwa mkono italia zaidi kidogo.

Ukamuuliza, "Ipi basi inafaa zote?"

"Hakuna," akasema. "Unachagua kasoro unayoweza kuishi nayo."

Akaongeza mawili. Tundu lipimwe kwa risasi kubwa, yaani yako, kwa sababu risasi ndogo itapita tundu kubwa lakini kubwa haipiti dogo. Na mfungio wake ukae palepale kila unapoivua na kuirudisha, la sivyo risasi ya mbali itaenda kumsalimia jirani.

Hapo ndipo uliponigeukia ukasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huu mlio niliukimbia vitani nikiwa na miaka tisa. Nimevuka nao ziwa. Siwezi kuja mpaka Amerika kuulipia kwa masikio yangu."

Nami nikasema nini? Nikasema, "Ukiogopa mlio nunua upinde." Muuzaji akauliza nimesema nini. Ukakataa kumtafsiria. Tukatoka mikono mitupu.

Sasa asubuhi yenyewe. Wanaosoma wanajua ninavyoisimulia mimi, wasikie ilivyokuwa.

Ulitaka tununue redio za mkononi. Nikasema redio ni za waoga, sisi ni watoto wa milima, mluzi haumalizi betri. Tukakubaliana kama baba zetu walivyofanya wakitafutana kwenye ukungu: mluzi mmoja, nimekaa nilipo, mluzi mara mbili, nimehama, niko mbele yako, usipige. Nilikulazimisha uurudie kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukaupiga mara mbili, mkali, ndege wakaruka. Nikasema, "Safi."

Ukaenda kushoto, upande wa korongo. Mimi nikabaki kwenye uzio. Ukungu ulikuwa mzito hata kiatu changu nilikiona nusu. Nguruwe wakatoka, watano, sita, weusi, wanakimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Nikapiga ya kwanza, mmoja akaanguka, nikapiga ya pili, ya tatu. Ya nne ikabandua gamba la mti, na nyuma ya ule mti nikaona rangi ya machungwa. Koti lako.

Ulikuja ukitembea polepole, mikono juu, kama mtu anayejisalimisha kwa askari. Picha hiyo hainitoki. Mikono yako ile inayowafunika watu blanketi, umeiinua kwangu mimi.

"Nimepiga mluzi mara mbili," ukasema.

"Upepo, shemeji."

"Upepo gani? Tazama ukungu. Umesimama kama ukuta."

"Nakwambia upepo uliubeba."

"Nimepiga, nikangoja, nikapiga tena. Ulisikia. Ulisikia ukapiga, kwa sababu ya nguruwe."

Nikainama kuokota maganda ya risasi. Ukatoa risasi zako moja moja, ukaiweka bunduki yako nyuma ya gari langu. "Kaa nayo. Sitaki kuusikia tena mlio huu. Wala wako." Ukaondoka na chai yako haijafunguliwa.

Jumapili ile, baada ya ibada, watu waliniuliza uko wapi. Nikawaambia, huku nacheka, kwamba Yohana amekiogopa kivuli chake kwenye ukungu, amekimbilia Houston. Nikaigiza hata mwendo wako. Watu walicheka sana, mimi nina kipaji, wanajua. Furaha hakucheka. Usiku aliniambia neno moja tu: "Ni kaka yangu." Akageukia ukuta.

Tangu siku ile nyumbani kwangu pamekuwa na kimya kisichofaa. Binti yangu huniambia kwa Kiingereza chake kwamba maikrowevu imelia zamani. Furaha anasema nimekuwa redio, nasema tu, hakuna anayeweza kuniambia kitu. Na mwezi uliopita ghalani gari la kunyanyulia mizigo lilikuwa linarudi nyuma, linapiga king'ora chake kama kawaida, na mimi nimesimama njiani napanga maboksi. Mmongolia mmoja tunayefanya naye kazi alinivuta kwa kola ya shati. Gurudumu lilipita palipokuwa kisigino changu. Nikamtania kwamba amenichania shati.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Irving.

Nilimwambia muuzaji kwa Kiingereza changu cha kuombea chumvi: nataka moja, bunduki mbili. Alinikumbuka. Akaniuliza yule rafiki yako mpole yuko wapi. Nikasema yuko kazini.

Basi nikachagua, Yohana, nami nimechagua kwa akili zako. Nimechukua ya urefu wa kati, tundu la risasi yako, yenye njia za kupeleka gesi mbele. Si ile chupa ya chai. Nikakubali bunduki yako ilie kidogo zaidi ya ambavyo ingeweza, ili yangu isinitemee moshi machoni, na ili isining'inie mdomoni mwa mtutu kama jembe. Mfungio wake unajikaza wenyewe ukizungushwa, unakaa palepale. Nikatoa alama za vidole vyote kumi, picha, fomu za kibali, nikangoja serikali ichunguze kama mimi ni mtu mwema. Wamesema ndiyo. Iko siku nitakuonyesha hiyo karatasi.

Siku ya kuijaribu nilimbeba dada yako awe masikio yangu. Nilitaka kusema awe shahidi. Unajua anavyochukia bunduki. Alikaa kwenye kiti nyuma yangu amejifunika kitenge mpaka kichwani. Nilipiga ya kwanza bila sailensa, akaruka. Nikaifunga, nikapiga tena. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Bado inagonga kifua, ila haikati kichwa." Nikauliza mara ya pili amesemaje. Akanitazama muda mrefu, akarudia.

Bunduki yako, mita mia mbili: ikifungwa sailensa, risasi inashuka vidole viwili. Nikaivua, nikairudisha, mara tano. Vidole viwili vilevile, mara zote tano. Nimekuandikia kwenye kikaratasi nimekibandika kwenye kitako chake. Yangu ilitaka skrubu ya gesi ipunguzwe kidogo, ikatulia, macho hayakuwasha. Na muuzaji alisisitiza, nami nakusisitizia wewe: hata na sailensa, vizibo vivaliwe. Inapunguza, haimalizi.

Kuna jambo moja la sheria lilinichekesha, kisha kicheko kikaisha. Kibali kina jina langu peke yangu. Maana yake ukitaka kuitumia kwenye bunduki yako, lazima niwe nimesimama hapo. Siwezi kukuazima ukaenda nayo. Serikali ya Amerika imetufunga pamoja, shemeji, na haikujua kwamba hatuongei.

Bunduki yako imefungiwa kabatini. Paja lako liko kwenye friji ya kugandisha, lile la asubuhi ileile, limeandikwa YOHANA kwa mwandiko wa Furaha. Hakuna anayeligusa. Binti yangu akitafuta aiskrimu analihamisha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nimenunua redio mbili za mkononi, kubwa, zinatikisika kiunoni mtu akikuita. Sikulazimishi urudi shambani. Rudi mezani tu. Uje ule na dada yako, mimi nikae nje kama ukitaka.

Kaa salama, na wagonjwa wako wapone. Lakini kabla sijaweka kalamu nikutoe kwenye jela niliyokuweka, na hawa wote waliocheka nami wasome vizuri.

Hukuogopa kivuli. Ulipiga mluzi mara mbili kama tulivyokubaliana, ukangoja, ukapiga tena. Hapakuwa na upepo. Wala si kwamba nilikusikia nikapiga, sikusikia kabisa. Sikio langu la kushoto, lile linaloelekea mtutu, halishiki tena sauti nyembamba: mluzi, ndege, king'ora, maikrowevu. Daktari alinionyesha mstari kwenye karatasi, unaanza vizuri halafu unaanguka kama mtu aliyeteleza ngazini. Siku ulipoujaribu pale kwenye uzio, nikasema "Safi," nilikuwa nimeona tu ndege wakiruka.

Nilikuwa najua, Yohana. Karatasi ile nilipewa kabla ya asubuhi ile, si baada yake. Nikaikunja, nikaja shambani, nikachagua mluzi, kwa sababu kuomba redio kungekuwa kukiri. Niliona afadhali unifikirie muuaji kuliko kiziwi.

Sina bahati ya masikio. Nilidanganya.

Mume wa dada yako