Mzigo wa Pacifique

Kasekese, Mpanda
8 Agosti 1993

Kaka Pacifique,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, mama kifua kimepungua, mahindi tumemaliza kupukuchua. Wewe sijui unaendeleaje, maana tangu urudi Burundi baada ya uchaguzi hujaandika hata mstari. Kama umeninunia, nuna, lakini soma hadi mwisho.

Wazee wamepanga kuanua matanga ya baba Jumamosi tarehe 13 Novemba. Utaratibu unaujua, yeye mwenyewe ndiye aliyeuanzisha hapa kijijini: mtoto wa kwanza anachezesha kikaragosi cha marehemu kwa kamba zake, anaongea kwa sauti yake, na mpaka watu wacheke ndipo mjane avue nyeusi. Sasa shida ni hii. Baba alichonga kijiji kizima. Alimchonga katekista anasinzia, alimchonga mama anafukuza kuku. Yeye mwenyewe hatumwoni. Tumefungua maboksi yote mawili, hayumo.

Wewe alikufundisha kuchonga, na sauti yake unaiweza hadi kikohozi. Njoo umchonge. Mama amekonda ndani ya ile nguo, nami sitaki aingie nayo mwaka wa pili.

Dada yako,
Rosine


Rutana
2 Septemba 1993

Rosine,

Amani kwako na kwa mama. Mimi niko salama, nalala kwa baba mdogo, nafyatua matofali. Barua yako kaniletea Cletus, yule dereva wa lori.

Kuja nitakuja, na baba nitamchonga. Ila mle kwenye maboksi nimo na mimi. Kikaragosi changu unakijua: mgongo umepinda, mzigo mkubwa kuliko mwenye kuubeba, macho yamenitoka. Siku ya mavuno mwaka jana alinichezesha mbele ya watu, naanguka, nainuka, naanguka, wakacheka mpaka machozi. Na asubuhi ile ile ndiyo nilikuwa nimemwambia narudi kwetu Burundi. Nilipomuuliza kwa nini kanidhalilisha, akasema nitaelewa nikiushusha mzigo. Sikumsemesha tena mpaka anakufa. Miezi mitatu, Rosine, nyumba moja.

Kichome. Usikifiche, usimpe mtu. Ukiniandikia kwamba kimekuwa majivu, nitakuja.

Kaka yako,
Pacifique


Kasekese
19 Septemba 1993

Kaka yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa mkono wangu wa kulia, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku. Nakueleza.

Nilikichoma. Mama alinikataza, nikamwambia bora mtoto kuliko mti. Nilikiweka jikoni kwenye mafiga, na moto ulipofika kwenye mzigo, nikasikia harufu ya asali. Pacifique, ule mzigo ulikuwa na kifuniko, amekiziba kwa nta na kukipaka rangi. Nta ikayeyuka, kifuniko kikaanguka, na ndani kulikuwa na mtu amekaa. Nikatia mkono.

Ni baba. Urefu wa kiganja, na kamba zake kazungushiwa kiunoni. Kipara chake, jino lake lililovunjika, mguu mmoja tu umeungua. Amekaa amenyoosha kidole mbele, kama alivyokuwa anakaa kwenye baiskeli yako ukimpeleka Ugalla kwenye mizinga ya nyuki, anakuelekeza njia unayoijua.

Hakuwa anakucheka wewe. Alikuwa anaomba umbebe mkarudi Burundi wote. Mtu mzima, badala ya kusema, anachonga. Na wewe, badala ya kuuliza mara ya pili, ukanuna. Nimewakasirikia wote wawili, na mimi mwenyewe zaidi, maana chako sikuweza kukiokoa. Kimekuwa majivu, kama ulivyotaka.

Basi usihangaike kuchonga. Njoo tu.

Dada yako,
Rosine


Rutana
8 Oktoba 1993

Rosine wangu,

Mkono umepona? Pakaza asali, usikubali wakuwekee dawa ya meno.

Barua yako nimeisoma nimesimama tanurini, nikakaa chini. Baba mdogo akadhani kuna msiba mwingine. Nimelia kama siku ya mazishi ilikuwa juzi, na ile siku yenyewe sikulia.

Nitaondoka Jumamosi tarehe 23, na Cletus ananisubiri ng'ambo ya mpaka. Nitamchezesha mpaka watu washike mbavu, halafu nitarudi naye huku. Ukuta wa nyumba umefika madirishani. Mwambie mama aanze kuchagua kitenge cha rangi.

Kaka yako,
Pacifique


Kasekese
14 Novemba 1993

Kaka yangu Pacifique,

Nakusalimu popote ulipo. Tangu redio itangaze kwamba rais ameuawa na watu wanauana huko vilimani, hakuna lori linalovuka. Cletus alikusubiri mpakani siku tisa. Amekubali kurudi tena na barua hii, awaulize wanaoingia kwa miguu.

Jana tumeanua. Nilitaka tuahirishe, mama akakataa, akasema baba hajawahi kuahirisha kicheko. Nimemchezesha mimi. Sauti ilinikwama, nikakohoa, na kile kikohozi kikatoka cha baba kabisa. Watu wakaanguka. Kwa mguu ule ulioungua akawa anachechemea, nikamfanya anamdai katekista asali yake. Walicheka mpaka watoto wakaogopa. Ngoma zililia hadi jioni, pombe ikaisha, ikaletwa nyingine. Baba angefurahi. Nami nilifurahi, sikufichi, karibu saa nzima.

Halafu mzee Séverin akauliza, yuko wapi yule wa mzigo, naye acheze. Nikaanza kuzikunja kamba za baba.

Leo asubuhi Cletus ameniomba picha yako awaonyeshe watu. Picha hatuna. Sura yako pekee iliyokuwepo duniani niliiweka kwenye mafiga kwa mkono wangu. Nimempa baba, nikamwambia aulize kuna aliyemwona mtu anayefanana na huyu, ila kijana na mrefu. Kwa hiyo baba amepanda lori kwenda kukutafuta. Ukimwona kanyoosha kidole, mfuate.

Mama amevaa kitenge cha njano. Ile nyeusi nilitaka kuitia motoni, akaninyang'anya, akasema humu ndani tusichome kitu tena. Ameifua, ikakauka, ameikunja kaiweka chini ya godoro.

Dada yako,
Rosine