Nyasi Zilizokuwa Kijani Mno

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Tone,

Nakuita kwa jina alilokupa Mama, maana nimejaribu kuanza kwa jina lako kamili na kalamu imekataa. U hali gani? Baridi ya huko imepungua? Mumeo kile kikohozi kimemwachia? Na mtoto naye, meno yanamsumbua usiku? Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unalalamika kidogo kwa kubeba unga kule kwenye mikate, lakini si wa kunilaza kitandani. Shemeji yako mzima, anakula vizuri, ila kwa sasa analala sebuleni. Sababu utaiona mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi husamehe kabla sijamaliza kusema. Safari hii nataka nimalize.

Nianze na mbwa, kwa kuwa ndiye uliyemwacha mikononi mwangu. Meneja hajambo. Bado anakagua kila mfuko unaoingia humu ndani, na mtu akiingia bafuni yeye hukaa mlangoni kama anayesubiri ripoti. Manyoya yake yanang'aa. Kwa upande wa matunzo huna la kunilaumu.

Unakumbuka ulivyonisihi nisimshushe ngazi? Ulisema nyonga yake ni mbovu, ghorofa nne zitammaliza, nimfundishe kujisaidia kwenye roshani. Nikakuambia nimeona vile vizulia vya nyasi za plastiki. Ukakataa katakata. Ukasema ziwe nyasi za kweli, zenye udongo na mizizi, kwa sababu mbwa hadanganyiki. Maneno hayo ni yako, Tone. Nimeyakumbuka wiki hii nzima.

Basi nikajituma. Seremala alinitengenezea sanduku la mbao lenye kingo fupi, akalitoboa pembeni ili maji yapite, nami nikatandika nailoni chini. Muuza miche akanikatia nyasi pamoja na udongo wake, akazikunja kama mkeka, nikazipandisha ngazi mwenyewe begani huku majirani wakichungulia. Kila Meneja alipomaliza kula nilimpeleka pale, nikasimama naye, nikatamka neno lile lile moja, nikangoja. Yeye ananiangalia, mimi namwangalia. Kisha anaingia ndani na kwenda kukojolea zulia.

Nilikuwa karibu kukata tamaa shemeji yako alipojitolea. Mimi natoka alfajiri kwenda kuoka, yeye kiwandani kwao kwa wapiga chapa anaingia mchana. Akasema niachie asubuhi, na usiku ukishalala nitamsimamia tena. Nilimshukuru mpaka nikamkaangia mayai siku ya kazi, jambo ambalo unajua si kawaida yangu.

Kuanzia hapo zulia likawa kavu. Nikirudi namkuta Meneja amejilaza, shemeji yako ananiambia ameshamaliza na nimeshasafisha. Nagusa nyasi, zina unyevu. Nyasi zenyewe zikanawiri, zikajaa, kijani tupu kutoka kona hadi kona. Kichwa kikanivimba. Pale kazini nikawa mwalimu. Mwenye mbwa na asiye na mbwa, wote nikawaeleza jinsi ya kumfundisha mbwa wa ghorofani. Nikawaambia siri ni uvumilivu.

Jirani yetu wa chini, yule fundi cherehani, akaniiga. Akatengeneza sanduku kama langu, akanunua nyasi kwa muuza miche yule yule. Mbwa wake akazizoea haraka, lakini baada ya muda mfupi zikaanza kutoka maduara ya njano, nyingine zikafa kabisa, na harufu ikawa inapanda mpaka kwangu. Siku moja akaja juu kukopa ndoo, akaziona zangu, akashika kiuno.

"Dada, huyu wako anakojoa mbolea?"

Tulicheka sana. Alipoondoka sikucheka tena. Nilipiga magoti pale roshani nikainusa ile sehemu yote, mtu mzima mimi, kama vile mimi ndiye mbwa. Zilinuka nyasi. Nyasi tupu na maji safi.

Nilisubiri siku yangu ya mapumziko, na bahati ikawa shemeji yako ameitwa kazini mapema. Nikamlisha Meneja, nikampeleka kwenye nyasi. Akapita juu yake kama anapita juu ya mkeka, akaenda mlangoni, akaing'oa kamba yake kwenye msumari na kuniletea akiwa ameiuma. Nikamfunga, nikamfuata. Ile nyonga mbovu, Tone, ilishuka ghorofa nne mbio mpaka mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Hakusita hata kwenye kona moja. Tukapita nyuma ya shule, tukavuka pale kwa fundi wa baiskeli, na fundi akamwita kwa jina. Tulipofika kwenye duka la dawa nikajua tunakwenda wapi, maana ile ndiyo njia ambayo miaka yote hii naizunguka, hata nikiwa na mzigo, hata mvua ikinyesha. Ningeweza kumvuta turudi. Miguu haikunisikiliza.

Akalisukuma geti la Baba kwa pua, kama anayerudi kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye ile bustani ndogo ya Mama, akazunguka, akajisaidia. Nyasi pale zilikuwa na maduara ya njano kila mahali. Nilisimama nikayatazama yale maduara, na ndipo nilipoelewa kila kitu, kasoro kimoja ambacho nilikuwa bado sijaambiwa.

Baba akatoka na bakuli la maji. Lile bakuli la Mama lenye mstari wa bluu, lililobanduka ukingoni. Alikuwa ameinama, anatazama hatua zake, akasema, "Leo umechelewa, mkwe wangu." Kisha akainua macho.

Miaka yote nimejiandalia maneno ya kumwambia siku hiyo ikifika. Unajua kilichonitoka? "Shikamoo, Baba." Mdomo umelelewa vizuri kuliko moyo. Akaitikia marahaba, maji yakamwagika nusu. Amekonda, Tone. Lakini hilo wewe unalijua.

Najua unalijua kwa sababu aliniambia, bila kujua kwamba ananiambia. Alitaka tu kujaza ule ukimya. Akatoa simu akanionyesha mwanao amecheka, meno mawili juu na mawili chini. Akasema unampigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwangu uliniambia mtoto hapendi kupigwa picha. Nilishika ile simu, nikamtazama mtoto ambaye mimi ndiye mama yake mkubwa, nikajiona kama mpita njia.

Nikukumbushe jambo, kama limekutoka. Mama alipokuwa hospitali, Baba hakuja. Alikaa nyumbani akasema hawezi kumwona katika hali ile. Mama akawa anamwita, nasi tumekaa huku na huku, wewe umeshika mkono wa kulia. Tulipomaliza kuzika, tuko jikoni tunaosha vikombe vya wageni, wewe ndiye uliyesema kuanzia leo hatuna baba. Hukuniuliza. Ulisema "hatuna". Nikakausha mikono, nikakuambia sawa. Na mtu akiniambia jambo zito nikasema sawa, mimi nalishika. Sikwenda kwenye sikukuu zake, sikwenda alipolazwa kwa ajili ya macho, nilimpita sokoni nikiangalia viatu vyangu. Uzito wote huo niliubeba nikidhani tumeubeba wawili. Kumbe mwenzangu uliutua zamani, ukaniacha barabarani nao kichwani, na kila tukiongea unaniuliza, "Dada, unaendeleaje?"

Shemeji yako aliporudi sikumpigia kelele. Nilimwekea kopo la kumwagilia mezani, nikakaa. Aliliangalia, akajua. Akaniambia ulimwomba wewe kabla hujasafiri, kwamba mzee asikae peke yake, Meneja apelekwe kila asubuhi. Nyasi mlizipanga ili mimi nisimtembeze, maana mlijua akishuka na mimi atanifikisha. Yeye kazi yake ilikuwa kuzimwagia maji ili nikigusa nidhani ni mkojo. Mwanamume mzima, mwenye mke wa ndoa halali, anasimama roshani na kopo kuigiza mkojo wa mbwa! Eti mlitaka tupatane taratibu. Nikamuuliza taratibu ya nani. Akachukua mto wake mwenyewe.

Hayo yote, Tone, nahisi ningeyameza. Ningenuna, ningekununia mpaka sikukuu, kisha ningecheka. Lile la kopo hata sasa likinijia nikiwa peke yangu jikoni nakaribia kucheka. Sasa ngoja nikuambie lile lisilomezeka.

Tulikuwa tumesimama pale getini, nimeshageuka kuondoka, Baba akaniita. Akasema, "Mwanangu, mdogo wako aliniambia mama yenu hakuniulizia. Kwamba alilala tu, hakuita mtu. Ni kweli?"

Hukunionya. Hukuniambia kuna uongo unaotembea katika familia hii, nikiukuta nijue nifanye nini. Macho yake yale yasiyoona vizuri yalikuwa usoni pangu, Meneja anakunywa kwenye bakuli la Mama, nami nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo, Tone. Nimemwambia mumewe kwamba Mama hakumwita.

Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia. Mama alimwita mpaka sauti ikabaki pumzi, na wewe na mimi tulikuwa tunamwambia yuko njiani, Mama, yuko njiani, anakaribia. Wakati ule tulimdanganya yeye. Sasa tumedanganya kwa jina lake. Umenifanya nimkane mama yangu mbele ya geti lake, na hata sikupewa muda wa kufikiri.

Tangu siku ile Meneja hashuki ngazi. Nimechukua likizo, nimemfundisha kwa kweli. Nililoweka kitambaa kwa mkojo wake nikakiweka katikati ya nyasi, nikasimama naye kila baada ya chakula, mkononi nina ukoko wa mkate. Mwanzoni alilia mlangoni na kamba mdomoni, akanikata maini. Alhamisi akapanda, akanusa, akazunguka, akajisaidia. Nilimpigia makofi machozi yananitoka, fundi cherehani akaja mbio akidhani kuna msiba. Leo kuna duara la njano kwenye kona, la kwanza. Nimemwita shemeji yako nikamwonyesha.

Baba ameuliza kupitia kwake kama Meneja anaumwa. Nasikia anatoka na bakuli kila asubuhi, anasimama getini, kisha anamwaga maji kwenye bustani na kurudi ndani. Usidhani linanifurahisha. Nalala nalo.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na si ombi. Barua hii itakufikia kabla ya Jumapili yako ya simu. Mpigie Baba kama kawaida yako, baada ya chakula cha mchana. Mwambie Mama aliita. Usipunguze, usiongeze. Usimwambie ni mimi niliyekulazimisha. Uongo ule ulizaliwa kwako, na sitautoa mimi kwa niaba yako, kwa sababu nimeshachoka kubeba vya watu wawili. Labda atakukasirikia, labda atalia, labda atanyamaza kama alivyonyamaza wakati ule. Lakini amwombolezee mke aliyekuwa anamtaka.

Ukishamwambia, asubuhi yake nitaishika kamba mwenyewe. Meneja hatakuwa na haja ya kwenda kule kujisaidia, choo chake anakijua sasa. Tutakwenda kumsalimia tu mzee, nami nitaingia mpaka ndani. Usipomwambia, tutabaki hapa hapa juu na nyasi zetu.

Mumeo mwambie nimemsalimu, na kikohozi asikidharau. Mtoto mbusu pande zote mbili, umwambie mama yake mkubwa anamdai kicheko kimoja. Fundi cherehani anakusalimu sana. Anasema harufu sasa imekuwa sawa juu na chini. Shemeji yako hajathubutu kuniomba nikufikishie salamu zake, lakini ananiangalia nikiandika, basi zichukue. Mungu awafunike nyumba yenu nzima, na akupe nguvu ya kinywa siku hiyo ya Jumapili.

Ni mimi wako, ninayekupenda hata wiki hii ambayo sikutaka,

Dada yako.