Mlango Unaogoma Asubuhi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mlango wa gereji umegoma. Nimebonyeza rimoti, ukashuka vizuri, ulipofika usawa wa goti ukasimama, taa ikakonyeza, ukarudi juu. Nikabonyeza tena. Goti, taa, juu. Mara saba! Nimeuambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na daftari lenyewe nalisoma peke yangu.

Gerejini hamna gari tangu marehemu mume wangu atutoke. Mna cherehani zangu mbili, meza ya kukatia, na majoho arobaini ya kwaya yanayotakiwa wiki ijayo. Niache wazi niende wapi? Nimekaa mlangoni kulinda vitambaa kama askari wa benki. Vifungo sikwenda kununua.

Nikampigia mwanangu, akamtuma fundi wa milango. Fundi amefika saa tisa alasiri, amebonyeza mara moja — ukafunga. Kimya, kwa adabu, kama mtoto aliyemwona mwalimu. Amebonyeza mara kumi, umefunga mara kumi. Kisha akaniangalia kwa huruma. Huruma ile akampe mama yake.

Jioni mwanangu akapiga kuuliza kama labda nilibonyeza kitufe kisicho chenyewe. Rimoti ina kitufe kimoja.

Jumanne, 4 Machi

Saa moja na nusu. Jua zuri. Mlango: goti, taa, juu.

Nikiwa katikati ya kuutukana akatokea Kofia. Huyu ni jirani yangu, mzee, karani mstaafu, mwenye kofia pana kama ungo. Tulikosana kwa ajili ya mti wake. Ulikuwa pale mpakani mbele ya gereji yangu, ukimwaga majani kwenye mfereji wangu wa bati mwaka mzima. Miaka miwili nimempigia kelele aukate. Mwezi uliopita akaukata. Tangu siku ile haniamkii, lakini kila asubuhi anakuja kusimama kwenye kisiki, mikono nyuma, kama anayezuru kaburi.

Basi leo kasimama pale na kofia yake. Mimi nabonyeza, sina hata matumaini. Mlango ukafunga moja kwa moja.

Sikumtazama usoni. Nimekimbia dukani kununua vifungo kabla haujabadili mawazo.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu, manyunyu. Mlango umefunga asubuhi bila ubishi. Siuelewi.

Jioni wamekuja mwanangu na mke wake. Nikajua kuna jambo, maana mkwe wangu alikuwa ananisifia mapazia. Mwanangu akazunguka, akazunguka, mwisho akaitaja ile sufuria niliyounguza mwezi wa kwanza. Hivi nani hajaunguza sufuria? Yeye mwenyewe aliunguza mazulia mawili akiwa na miaka tisa na hakuhamishwa nyumba.

Kisha akasema lenyewe. "Mama, ama mlango ni mbovu, ama wewe umechoka. Kwa vyovyote nyumba hii imekushinda. Chumba chako kwetu tumeshapaka rangi."

Wamepaka rangi! Kabla ya kuniuliza. Rangi ya maziwa, anasema mkwe, inatuliza. Chumba chenyewe nakijua, ghorofa ya tatu, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nikauliza meza yangu ya kukatia itakaa wapi. Wakaangaliana. Mkwe akasema labda cherehani moja, ile ndogo.

Nimeshona miaka arobaini na mmoja. Hiyo ndogo nilimnunulia mjukuu ajifunzie.

Nikamwambia mwanangu aje mwenyewe Jumapili, saa mbili asubuhi. Nikiufunga mbele ya macho yake, habari ya chumba asiitaje tena maisha yake yote. Nisipoweza, nahama. Akakubali upesi mno. Nimempa mkono kabla sijafikiri. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Mlango umegoma mara kumi na moja.

Kofia akaja kwenye kisiki chake. Nikabonyeza — ukafunga! Nikaufungua nisubiri. Kofia akaondoka. Nikabonyeza — umegoma! Nikamwita arudi. Akarudi polepole, kwa maringo. Nikabonyeza. Umefunga.

Hapo nikajua. Huyu mzee ana rimoti mfukoni, ananilipizia mti wake. Nikamfuata mpaka kisikini nikamwambia atoe vyote alivyonavyo mifukoni, mbele yangu, sasa hivi. Hakubisha. Akatoa leso, akatoa miwani ya kusomea, peremende mbili na kipande cha penseli. Akavipanga juu ya kisiki kama karani kweli.

"Jirani," akasema, "mimi hata rimoti ya televisheni yangu imenishinda. Naangalia chaneli moja mwaka wa tatu."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu mti ukatwe. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Akanipa peremende moja nikaikataa. Baadaye nikaijutia.

Nikampigia fundi. Akaanza na sauti yake ya huruma. Nikamwambia nyamaza usikilize, nikafungua daftari hili nikamsomea. Jumatatu asubuhi, umegoma. Jumatatu saa tisa, umefunga. Jumanne jua, umegoma, kaja Kofia, umefunga. Jumatano mawingu, umefunga. Leo jua, umegoma. Fundi akauliza taratibu: "Bibi, haya yote umeyaandika?"

Nimeyaandika, ndiyo. Darasa la nne nimefika.

Akasema atakuja kesho saa moja kamili, jua likiwapo.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja. Kwanza mlango umegoma mbele yake. Nimefurahi kama nimeona mtoto wangu anafaulu mtihani. Akaniomba radhi, nikaipokea nusu, nusu nimeiweka.

Akachuchumaa akanionyesha. Chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kuna vijicho viwili, kila upande wa mlango kimoja. Siku zote nilikuwa navifuta vumbi tu sijui kazi yake. Kimoja kinatuma mwanga, cha pili kinaupokea. Kitu kikipita katikati, paka au mtoto, mwanga unakatika na mlango unarudi juu usimbane. Sasa jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kwenye kile kinachopokea, kinapofuka, hakioni mwanga wa mwenzake. Mlango unadhani kuna mtoto pale chini. Kumbe nimeutukana wiki nzima na wenyewe unamlinda mtoto.

Fundi akasimama katikati ya jua na kijicho, kivuli chake kikakifunika. "Bonyeza, bibi." Nikabonyeza. Umefunga.

Akaangalia nje, akakuna kichwa. "Miaka yote haikuwa hivi. Lazima hapa palikuwa na kivuli. Kimekwenda wapi?"

Nilikuwa naangalia kisiki. Fundi akaangalia ninakoangalia. Na Kofia ndiyo kwanza alikuwa amefika pale, mikono nyuma, naye anakiangalia.

Dawa yake ni kubadilisha vijicho upande, kinachopokea kihamie penye kivuli. Lakini waya haufiki, na waya mrefu anaupata Jumatatu. Jumapili je? Akasema niweke chochote hapo nje cha kukinga jua, hata ndoo inatosha, mradi isikatize mbele ya kijicho.

Jumamosi, 8 Machi

Majoho thelathini na mawili tayari. Mwanangu amepiga kuuliza kama nimeanza kufunga vitu. Nimemwambia nimefunga vifungo.

Alasiri nikachana nywele nikaenda kwa Kofia. Hatua ishirini, nimezitembea kama ishirini elfu. Nikasimama mlangoni kwake nikamwambia ule mti ulikuwa unanifaa, na mimi ndiye niliyeukatisha. Nimesema haraka ili ipite.

Akaweka mkono sikioni. "Sijasikia vizuri, jirani. Sikio hili."

Nikarudia, neno kwa neno. Masikio yake ni mazima kabisa, anasikia nikifungua dirisha. Lakini nimerudia.

Kisha nikamwambia habari ya kesho na chumba cha rangi ya maziwa. Hakucheka. Akauliza saa ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Saa mbili kasoro robo. Anga jeupe, hata kipande cha wingu hakuna. Naandika nimekaa kwenye cherehani, mlango uko wazi.

Kofia amefika tangu saa moja. Amevaa suti! Nimempa kiti cha mume wangu, kile chenye mikono, nimekiweka kando ya kisiki. Nimemsogeza kushoto, kulia, kushoto kidogo, mpaka kivuli cha kofia kimelala juu ya kijicho sawasawa. Nimemwambia asijitikise. Anakunywa chai kama sanamu. Kikombe cha pili hicho. Ile peremende nimeiomba mwenyewe, iko mdomoni.

Nimejaribu mara tatu. Umefunga mara tatu.

Sasa hivi ameuliza bila kugeuza shingo: "Jirani, na hapa nikae mpaka lini?"

Nikamjibu: mpaka mti uote.

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, kivuli kikacheza, nimemkaripia.

Ndoo ninayo. Iko hapa karibu na mguu wangu, kubwa, ya bluu, nimeijaribu alfajiri na imekinga vizuri kuliko yeye. Sijamwambia.

Gari la mwanangu hilo linakata kona. Na mkwe yumo, na nyuma wamepakia maboksi matupu, nayaona kutoka hapa. Maboksi! Kofia amekaza shingo. Rimoti iko mkononi na mwanangu anafungua mlango wa gari. Naweka kalamu chini, nabonyeza.