Kwa Kemuma, Aliyepima Ukuta wa Baba Yake

Mwaka umekatika leo, Kemuma, tangu ulipotuacha. Saratani haikukupa nafasi. Kutoka siku ulipoanza kulalamikia mgongo hadi siku tuliyokurudisha nyumbani Isebania, zilikuwa wiki saba tu.

Hapa Homa Bay wengi walikujua kama madam wa kupima majumba ya zamani. Walikuona umevaa gambuti za mume wako, penseli umeichomeka kwenye nywele, ukigonga kuta kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Siku ya kwanza mumeo Wangwe alipokupeleka kwao Isebania, ulisalimia vizuri, ukaketi, kisha ukamwambia mama mkwe kwamba fremu ya mlango wake imeinama. Akamgeukia mwanawe: "Huyu umeoa, ama umeleta fundi?" Siku hizi anasema wazi kwamba alikupenda kuliko alivyompenda Wangwe.

Ulikuwa mpole kwa watu, lakini kwa vipimo hukuwa na mchezo. Vipimo viwili visipolingana ulirudi huko huko kupima tena, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanao Terry alipokuuliza kwa nini usikadirie tu, ulimjibu: "Mafundi wataamini karatasi yangu. Nikiandika uongo, kuna mtu atasimama chini ya huo uongo."

Kazi yako ya mwisho ilikuwa ile nyumba ya mawe ya wamisionari, upande wa Lambwe. Wenyeji walitaka kuikarabati iwe kliniki ya akina mama, na kabla ya jiwe lolote kuguswa ilibidi kila ukuta upimwe, uchorwe na kupigwa picha. Uliifurahia kuliko kazi zote, kwa sababu baba yako, Mzee Zablon Ratemo, ndiye aliyeikarabati kwa simiti mwaka wa 1983, akiwa fundi aliyetoka Kisii kuja kutafuta maisha Rangwe. Sisi sote tumekua tukionyeshwa ule ukuta wa magharibi. "Mnauona? Huo niliuokoa mimi."

Wiki ya tatu ulibandua kipande kidogo cha plasta upande wa magharibi. Ndani, mawe yalikuwa yamelowa na chokaa ya zamani imekuwa kama uji. Ulijua mara moja. Simiti ya Mzee ilikuwa imefungia unyevu ndani ya ukuta kwa miaka arobaini na zaidi, na ukuta ulikuwa unaoza taratibu nyuma ya sura nzuri.

Hukumwambia mtu kwa siku nne. Wangwe alijua kuna jambo alipokukuta jikoni ukiosha kikombe kimoja kwa muda mrefu mno. Ulipomweleza kaka yako Okari, alikwambia, "Andika tu ni simiti. Nani atauliza ni ya nani?"

"Fomu inauliza," ulisema. "Nani alitengeneza, lini, na kwa nini. Na kama yuko hai, aulizwe."

Ukaenda Rangwe peke yako. Mama yako, Helen, alikuwepo, na yeye ndiye aliyetusimulia. Ulimweleza baba yako polepole, ukamwonyesha picha. Alizitazama zote, akavua miwani.

"Kwa hiyo niliuua."

"Hapana, Baba. Wakati ule kila mtu aliambiwa simiti ndiyo dawa."

"Lakini utaandika jina langu."

"Nitaandika, Baba."

Akainuka akaenda kulisha ng'ombe, na hakurudi ndani hadi ulipoondoka. Wiki tatu hakushika simu yako. Sisi wengine hatukukusaidia, Kemuma. Tulikwambia umemwaibisha mzee bure, eti kwa ajili ya makaratasi. Okari alikwambia maneno ambayo leo angependa kuyarudisha. Uliendelea kwenda Lambwe kila asubuhi.

Halafu Jumanne moja Mzee akatokea huko kwa boda boda, amevaa koti lake la Sabato. Hakukusalimia. Alipita moja kwa moja hadi ukuta wa mashariki, ule ambao ulikuwa umeuandika kuwa mzima.

"Hapa hujaona," alisema.

Ulimwambia umepima, na hakuna ufa.

"Hakuna, kwa sababu niliziba vizuri. Hapa kulikuwa na mlango. Tuliujaza mawe madogo, hatukuweka linta ya kubeba uzito juu. Paa lote la upande huu limekalia simiti yangu. Siku watakapoibandua, litawaangukia."

Mkakaa hapo hadi saa kumi, yeye akionyesha, wewe ukichora upya. Njaa ilipowashika mlikula mandazi mkiwa mmeketi juu ya tofali. Jioni ulirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope, ukamwambia Wangwe, "Leo nimefanya kazi na baba yangu."

Ripoti ilikuwa na jina lake, kama ulivyosema. Chini yake uliandika: "Fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu, kwa vifaa na maarifa ya wakati wake, na bila maelezo yake mlango uliozibwa usingejulikana." Mzee ana nakala. Huisoma kwa sauti, hata kwa wageni ambao hawajauliza.

Ukarabati ulianza mwezi wa pili mwaka huu, wewe hupo. Siku moja simu yako, ambayo Wangwe huichaji bado, iliita. Alikuwa msimamizi wa mafundi, Bwana Arasa. Namba aliitoa pembeni mwa mchoro.

"Naomba madam Kemuma. Tuko ukuta wa mashariki, na mchoro umelowa, sehemu moja haisomeki."

Wangwe akamwambia. Kisha Bwana Arasa akasema, "Pole sana, mzee. Basi nitasimamisha kazi."

"Ngoja," Wangwe alisema. Akaenda kwenye sanduku lako, akatoa daftari, akafungua ukurasa wa mlango ule. "Unataka nini?"

"Upana, na urefu kutoka sakafuni."

Akamsomea mwandiko wako. Mita moja na sentimita kumi na nne. Mita mbili na sentimita sita. Bwana Arasa akarudia kila namba, Wangwe akaitikia. Wakaweka nguzo za kuegemeza paa kwanza, ndipo wakabandua simiti. Mlango ulikuwa pale pale. Mafundi wote kumi na mmoja walirudi makwao jioni ile.

Unakumbukwa na mumeo Elkana Wangwe. Watoto wako Terry na Bonface. Wazazi wako Mzee Zablon Ratemo na Mama Helen. Kaka yako Okari, anayekuomba msamaha hapa mbele ya watu. Mama mkwe wako na jamaa wote wa Isebania, Rangwe na Kisii.

Pumzika, Kemuma. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.