Masaa Kumi na Saba na Nusu

Neema amekata tiketi, Baba Neema! Anakuja! Salamu nitakupa baadaye, hili lisingengoja.

Sisi wa Kiseke hatujambo, ila nimechoka. Tangu asubuhi napaka chokaa ukuta wa mbele, mgongo hauninyooki. Jirani kaniuliza, "Mama Neema, kuna harusi?" Nikamjibu kuwa mwanangu anatoka Toronto, kilomita kama elfu kumi na mbili, na yeye aniambie wa kwake amefika wapi. Ungekuwepo ungenikonyeza ninyamaze.

Unakumbuka tulivyomsindikiza uwanjani siku ile? Ulisema, "Mama Neema, ndege imeshazama mawinguni, chozi lako bado halijafika kidevuni." Tukacheka huku tunalia.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia miaka hii miwili. Neema hakukuzika kwa sababu yangu. Kwenye msiba wako ndugu zako waliniuliza mtoto atafika lini. Nikasimama kwa maringo mbele ya ukoo mzima: "Masaa kumi na saba na nusu, nimeshapiga hesabu. Anapanda Alhamisi usiku, Ijumaa jioni yuko hapa." Wakapanga mazishi Jumamosi saa nane mchana. Kumbe nilihesabu kukaa angani tu. Kulala kwenye viti vya uwanja Addis Ababa sikuhesabu. Kungoja Dar sikuhesabu. Na usiku wa kwao, kumbe huku kwetu kunakucha.

Jumamosi ilipofika yeye yuko Dar, anangoja ndege ya jioni. Watu wamejaa kwenu Magu, mvua inanyemelea, wazee wanasema tusiwaweke wageni. Ningesema nimekosea, wangeahirisha. Nikanyamaza. Niliwaonea aibu watu niliowatambia, mume wangu, nikakufukia bila mwanao.

Alipiga simu akasikia mapambio. "Mmeshamzika? Basi nakuja kumwona nani?" Akageuzia Dar hapo hapo, akarudi Toronto. Nami nikasukumia baba zake wadogo lawama yote. Miaka miwili salamu zake zikawa "Shikamoo mama, nipo kazini."

Mwaka huu mdogo wako Masanja akaleta saruji akujengee kaburi. Nikamwambia, "Shemeji, hapamwagwi hata karai moja kabla Neema hajatupia udongo wake." Akaniuliza atautupia kutokea Toronto? Siku hiyo ndipo nikampigia, nikamwambia kweli yote. Kisha akasema, "Mama, chukua kalamu."

Akanitajia, nikaandika nyuma ya kalenda. Kumi na tatu mpaka Addis. Kumi kungoja. Tatu mpaka Dar. Tano kungoja. Moja na nusu mpaka Mwanza. Thelathini na mbili na nusu, Baba Neema! Akanisomesha mara mbili kama mtoto wa chekechea. Mara ya pili nikasikia anacheka huku anavuta kamasi.

Basi pumzika, mume wangu. Nakuahidi hesabu za mtu sitazisema tena kwa maringo, ingawa kutamba kwenyewe siwezi kuacha, unanijua. Anatua Jumatano jioni. Alhamisi nitamleta kwako peke yake. Nitasimama mbali, kule kwenye mihogo, amalize yake na wewe hata jua lizame. Masanja, mafundi na ukoo wote nimewaambia waje Jumamosi.