Mlikuwa Mchangani na Shangazi

Oldham, 4 Juni 1967

Mwanangu Brenda,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo Roy na mjukuu wangu Janet. Lile jino lake lililolegea limeshatoka? Huku baba yako hajambo, ila kikohozi cha vumbi la pamba hakimwachi. Kaka yako Keith hajambo, anakula cha watu wawili. Bibi yako hajambo, masikio tu ndiyo hayasikii vizuri. Shangazi yako Nellie naye hajambo, tena sana, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Jana alikuja na barua uliyomwandikia, akanisomea kwa sauti mezani kwangu. "Sikiliza wifi, mtoto anakumbuka!" Eti unakumbuka treni ya makaa, masizi puani, Shangazi akikunyanyua dirishani uwe wa kwanza kuiona bahari ya Blackpool. Shangazi na ndoo ya kuchezea mchanga. Shangazi na punda wa kupanda ufukweni. Na zile chipsi mlizokula mchangani, siku tamu kuliko zote. Halafu unamwalika ampeleke Janet huko huko Blackpool wiki ya likizo, viwanda vikifungwa, kabla treni za makaa hazijaondolewa.

Kurasa tatu, Brenda. Mimi nimo mara moja, nafunga sanduku.

Mama yako

Coventry, 9 Juni 1967

Mama, shikamoo. Sisi wazima, na jino limetoka.

Usinune basi. Ningemkumbuka nani? Shangazi ndiye aliyekuwa nasi mchangani. Wewe kila siku ulisema jua la bahari linakuumiza kichwa. Nilidhani hupapendi, ndiyo maana sikukualika. Au niandike uongo?

Mwanao Brenda

Oldham, 12 Juni 1967

Mwanangu Brenda,

Wote hatujambo, ila mimi jana sikuwa mzima sana.

Kichwa kilikuwa kisingizio. Pale kwa Bi. Threlfall, mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia Blackpool, tulipewa kitanda tu, chakula unanunua mwenyewe naye anapika. Mlipokuwa mchangani mimi nilikuwa foleni ya bucha, foleni ya mkate, kisha naandika jina letu kwa penseli kwenye kila yai na kila kifurushi, la sivyo wageni wengine wanakula. Siku ya zile chipsi nilisahau kuandika kwenye nyama. Watu wa chumba cha juu wakaila yote. Nililia chooni, nikamwomba Nellie awalishe huko huko nje msijue. Ndiyo ikawa siku yake!

Nina wivu, nasema wazi, na miaka yangu hamsini na sita. Nellie ni mtu mwema, na jana nilimficha keki.

Miaka kumi na miwili nimekwenda Blackpool, maji ya bahari sijayakanyaga. Nataka kuingia na Janet, mimi, nimshike mkono. Nellie naye aje, lakini bucha aende yeye.

Nijibu upesi mwanangu, kesho kama posta inawahi, maana Nellie keshanunua kofia.

Mama yako