Tawi la Miiba Ulilofungia Lango

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Karatu, ndani ya gari, wageni wangu wanakula. Ulivyokuwa ukiicheka kazi hii! "Unawaonyesha watu nyumbu, na ng'ombe wetu anawachunga nani?" Leo natamani unicheke tena.

Jana nilimpeleka mama mmoja mzee wa Kanada kwenye kreta, lile bonde la wanyama kule juu kwetu. Watu wake wanaitwa Waakadia. Akanisimulia kwamba zamani wanajeshi wa Kiingereza waliwaita wanaume kanisani, eti kuna tangazo. Wakafungiwa humo, wakapakiwa melini, nyumba zao zikachomwa. Waliokataa walikimbilia msituni, wenyeji wa kule, Wamikmaki, wakawaficha na kupigana nao bega kwa bega. Babu wa babu zake alikuwa mmojawapo. Akaniuliza, "Na ninyi je?" Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Maana wewe ulikataa, baba. Waingereza haohao walimtoa babu Serengeti ukiwa mgongoni kwa bibi, ukaapa huhami mara ya pili. Serikali ilipoita mkutano wa kutuhamisha, ukabaki bomani. Mimi, msomi wako, nikaenda nikaandika jina lako kwenye fomu ya kukubali kuhama. Nilijua kwetu mzee hamkani mwanawe mbele ya watu, nikalitumia hilo. Na kweli, hukunikana. Laiti ungenikana!

Siku ya lori ikafika. Ng'ombe wameshapandishwa, boma tupu, nawe ukaburuta tawi la miiba ukaziba lango lako kama kila jioni. Nikakufokea mbele ya dereva, "Sasa unafunga nini?" Ukajibu taratibu, "Nafunga kwangu." Mungu wangu, nilikuwa na haraka gani?

Ugenini hukumaliza hata masika moja. Tukakuzika hukohuko, mahali ambapo hakuna aliyejua jina lako.

Asubuhi hii nilimweleza yule mama ukweli wote. Alinishika mkono.

Jumamosi kuna mkutano mwingine wa kuhamisha watu kule juu kwetu. Baba mdogo ameitwa, na ameniomba nikamwandikie fomu kwa sababu ninajua kuandika. Nitaenda. Nitamsomea kila neno kwa Kimaa, lugha yetu, na akikataa, sitaandika chochote, hata wakinikasirikia wote.

Kisha nitapita bomani kwako. Nikikuta lile tawi limeanguka, nitaliburuta kwa mikono yangu nifunge.

Pumzika, baba. Kwako ni kwako.

Mwanao